Msumeno Usiokupa Nafasi ya Kujirudi

Katika sanduku la seremala wa zamani wa pwani hii ya kusini, kuanzia Diani hata Msambweni, na katika vijiji vinavyokikabili kisiwa cha Chale, hukosi kuona tezo, randa, patasi mbili tatu, msumeno wa mkono na, ikiwa mwenyewe ni mtu wa makamo, keekee na uta wake. Vyombo hivyo vina sifa moja ambayo sikuitambua mpaka nilipoviweka kando, nayo ni kwamba humpa mtu nafasi ya kujirudi. Msumeno wa mkono ukigusa msumari, kiganja hupata habari kabla meno hayajaharibika; tezo ikipotoka, hupotoka kwa pigo moja, na pigo la pili laweza kuzuiwa; na keekee ikikwama, uta husimama pamoja nayo bighairi ya kumdhuru mtu.

Chombo cha umeme hakina muhula huo. Chukua msumeno wa duara wa kawaida, wenye bamba la kipenyo cha milimita 185 na meno 24, unaozunguka mara 5,000 kwa dakika. Ncha za meno yake huenda kwa mwendo wa kilomita 174 kwa saa, upesi kuliko matatu yoyote ya Likoni na Lunga Lunga, na wanaoijua barabara hiyo watakubali kwamba sikusema neno dogo. Mwanadamu mwenye afya huhitaji kiasi cha robo ya sekunde ili jicho lione na mkono uanze kutii. Katika robo hiyo meno 500 yamekwisha kupita mahali pamoja. Basi fikira ambazo seremala wa kale alizigawa katika saa nzima ya kazi, mwenye chombo cha umeme sharti azimalize kabla kidole chake hakijagusa swichi.

Ajabu ni kwamba chombo kinachopendwa sana katika karakana zetu za nyumbani si msumeno huo, bali ni grenda. Sababu haina siri: bei yake ni nafuu, umbo lake ni dogo, na hukata chuma, vigae na hata mawe ya matumbawe, basi mtu huona kwamba akiitia diski yenye meno ya kukatia mbao atakuwa amepata msumeno bila ya kuununua. Waama hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote nilizopata kuziona katika kazi hii. Grenda ya milimita 115 huzunguka hata mara 11,000 kwa dakika, nayo iliundwa kwa ajili ya kusaga, si kwa ajili ya meno yanayouma mbao. Haina sahani ya kuikalisha juu ya ubao, kwa hiyo kinachoizuia isiruke ni mikono mitupu. Swichi yake aghalabu ni ya kusukuma, nayo hubaki imewaka hata ukiiachilia. Na mwenye kutaka kina zaidi hung'oa kinga, akatia diski kubwa kuliko iliyokusudiwa, ambayo mwendo ulioandikwa usoni pake ni mdogo kuliko mwendo wa mashine yenyewe. Jino likinasa ghafula, chombo humrudia mwenyewe, na kwa kuwa hushikwa mbele ya kifua na uso, huko ndiko kiendako. Mafundi sahibu zangu hunicheka, lakini sina budi kusema wazi kwamba grenda ina kazi zake, na kukata mbao si mojawapo.

Anayeanza na aanze na drili, ambayo ni keekee iliyopata nguvu mpya. Ya wati 500 au 600 yatosha, au ile ya betri ya volti 18 ikiwa umeme wa mtaani kwake ni wa kubahatisha. Ya pili iwe jigsoo, ambayo ubapa wake hupanda na kushuka wala hauzunguki, kwa hiyo hukata polepole na hukosa ile nguvu ya kumtupia mtu kitu. Msumeno wa duara uje baada ya hayo, nao usinunuliwe kwa kusoma wati zake. Wati 1,200 au 1,400 zatosha nyumbani, na aliye na nyingi zaidi hapati zaidi ya uzito. Uushike dukani kabla haujatiwa plagi. Ifungue kinga ya chini kwa kidole, uiache, utazame kama hurudi yenyewe upesi pasipo kusitasita. Bonyeza swichi, usikilize kama hujitoa mara kidole kiondokapo. Shika sahani na mwili wa mashine, uvivute huku na huku, na vikitikisika, rudisha chombo mezani pa mwenye duka kwa maneno mazuri.

Mwaka wangu wa kwanza wa kuwa na msumeno wa namna hiyo nilipata ubao wa mvinje. Mti huo hupandwa sana pwani, na huko Gazi umepandwa kwa makusudi ili watu wapate miti ya kujengea na mikoko ipumzike, jambo lililokwenda sambamba na mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013. Mvinje ni mgumu, na ule uliokua ukiinamishwa na kusi miaka nenda miaka rudi huwa na mvuto ndani ya nyuzi zake, kama uta uliotiwa upote. Mimi, katika ghururi ya mwanafunzi, niliulaza ubao juu ya vigoda viwili, kimoja kila upande, nikakata katikati, hali nimejifunga kikoi. Msumeno ulikwenda kama shubiri mbili. Kisha niliisikia sauti yake ikinenepa, mfano wa mtu aliyebanwa koo, na kabla sijaifasiri sauti hiyo mashine ilikwisha panda juu ya ubao, ikaja kinyumenyume, ikapita kando ya paja langu na kuondoka na upindo wa kikoi.

Sababu yake ni nyepesi kuieleza. Ubao ulioshikwa ncha mbili huinama katikati kadiri unavyokatwa, na ufa hufunga kwa juu ukalibana bamba. Mvuto wa ndani ya mti nao huongeza mbano huo. Meno ya nyuma ya bamba, ambayo hushuka kutoka juu, hushika mbao badala ya kupita katika nafasi, na kwa kuwa ubao hautaki kwenda, mashine ndiyo huenda. Dawa yake ni kuacha kipande kinachokatwa kining'inie na kuanguka chenyewe, au kuulaza ubao wote juu ya kitanda cha mbao zisizo na thamani. Kuliteremsha bamba lizidi unene wa ubao kwa kimo cha jino moja tu. Kuufunga ubao kwa klampu badala ya goti. Na kusimama kando ya mstari wa msumeno, si nyuma yake. Sauti ikinenepa, achilia swichi, wala usiuvute msumeno nyuma ilhali bado unazunguka.

Msumeno wa meza siushauri kwa asiye na mwalimu. Huko Marekani, ambako vyombo hivi vimejaa majumbani, majeruhi wake wanaofikishwa hospitali hukadiriwa kuwa takriban 30,000 kwa mwaka, na ndiyo maana mtu mmoja aitwaye Stephen Gass alibuni mwaka 1999 kifaa kinachohisi ngozi ikigusa jino na kulisimamisha bamba katika muda wa kiasi cha sehemu tano za elfu ya sekunde. Hapa kwetu anayenunua msumeno wa meza hana budi kuhakikisha walau kwamba lile bamba jembamba linalosimama nyuma ya meno, lililowekwa ili ufa usifunge, halikutolewa na mwenye kuutumia kwanza.

Na juu ya vyombo vilivyokwisha kutumika, vinavyoshuka bandarini kutoka kila pembe ya dunia, soma kibao cha mashine kabla ya kusifu rangi yake. Umeme wetu ni wa volti 240. Kilichotoka Dubai yamkini kitakubali. Cha Marekani ni cha volti 120, cha Japani ni cha 100, na ukikitia moja kwa moja ukutani utapata moshi, kama nilivyoupata mimi kwa randa niliyoapiwa dukani kwamba haina neno. Waya wa kuongezea ukunjuliwe wote, kwa maana uliozungushwa katika gurudumu lake hujipasha moto hata kuyeyuka. Waya wa arthi usikatwe ati plagi ya pini mbili huingia kwa wepesi. Na mchanga mkavu wa pwani, usiopitisha umeme vizuri, hudai ufito wa arthi uzame hasa, pamoja na kikata umeme cha miliampia 30 kwenye boksi la nyumba. Na stima ikipotea katikati ya kazi, chomoa plagi kwanza, ndipo utafute taa. Nimewahi kuiona grenda iliyosahauliwa sakafuni ikiamka peke yake stima iliporudi, ikatambaa karakana nzima kama kaa aliyepotewa na shimo.

Vumbi watu hulidharau. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya maradhi hayo, na vumbi la mvule, fauka ya hayo, huwasha ngozi na kifua. Leso iliyofungwa puani haizuii lile jembamba. Nunua barakoa yenye kichujio, na ufanyie kazi nje, upepo ukiwa mgongoni. Mvule huo huo huficha mawe meupe ndani yake yawezayo kuvunja jino na kulirusha, kwa hiyo miwani ni ya lazima. Nao mnazi, kwa ugumu wa upande wake wa nje, humaliza meno ya chuma cha kawaida kwa siku moja, basi utiliwe bamba lenye meno ya kabaidi. Vizibo vya masikio navyo si anasa, maana kelele ya msumeno hufika desibeli 100, na sikio lisilokingwa huanza kudhurika kwa kiasi cha robo saa ya kelele hiyo. Glavu zivuliwe mbele ya chombo kinachozunguka, kwa sababu jino likishika uzi huvuta na kidole. Kikoi nacho habari zake nimekwisha kuzieleza.

Hubaki chumvi. Pepo zinazotoka baharini upande wa Chale huila swichi kwanza, kisha ile springi ndogo ya kinga ya chini, nayo huanza kurudi kwa uvivu, kisha isirudi kabisa, pasipo mwenyewe kujua. Kila nimalizapo kazi huchomoa plagi, hupuliza vumbi, hupangusa vyuma kwa kitambaa chenye mafuta ya mashine, kisha huifungua ile kinga kwa kidole na kuiachia, mara tatu, nikiisikiliza.