Udongo wa Kufinyanga: Utayarishe Mwenyewe Shambani

Ndugu Mkulima, je, umepata kuona mtungi uliotoka motoni mzima, nao baada ya siku chache ukaanza kubanduka vipande na kuvuja? Wengine husema ni jicho la mtu. Sivyo. Kosa limo katika udongo.

Mashamba ya Likoni na Kisauni yaliyo karibu na bahari yamelala juu ya mwamba wa matumbawe. Punje ya matumbawe ikipata moto mkali hugeuka chokaa, kama ile ya kujengea nyumba. Chokaa hiyo hunywa unyevu, huvimba, na kuupasua mtungi. Upande wa Changamwe mwamba ni mwingine, laini, wa tabaka tabaka, nao ukioza huwa udongo mzito. Lakini popote ulipo, pima kwanza.

Kupima: Chukua bonge kavu, ulidondoshee siki au maji ya ndimu. Likitoa povu, lina matumbawe. Tafuta mahali pengine.

Kusafisha: Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, kisha chimba. Anika udongo wako mpaka ukauke kabisa, uponde, uuloweke katika pipa la maji matamu. Koroga uwe kama uji. Ngoja kidogo mchanga uzame, kisha chuja uji kwa kitambaa. Uache utulie siku mbili, mwaga maji ya juu, na tope utandaze juu ya gunia kivulini hata lisinate mikononi.

Kuchanganya: Usitupe vigae vya vyungu vilivyovunjika. Vitwange, uchekeche, uchanganye kipimo 1 cha vigae na vipimo 4 vya udongo. Vigae huzuia udongo kusinyaa na kupasuka. Rashia maji unapotwanga, kwa maana vumbi lake hudhuru mapafu. Wala usitumie kinu cha chakula.

Kujaribu: Tengeneza kibao, uchore mstari wa sentimita 10. Kikikauka na mstari ukawa chini ya sentimita 9, ongeza vigae. Halafu kichome, ukiweke penye unyevu kwa wiki mbili. Kikibaki kizima, finyanga bila hofu. Kikiharibika, umepoteza kiganja cha udongo tu. Mitungi kumi ikiharibika, umepoteza kuni na jasho la nyumba nzima.

Mwisho, fukia shimo ulilochimba. Shimo lenye maji huzaa mbu, na ni hatari kwa watoto.