Kwa nini jiko la makaa huua ilhali halitoi moshi?

Mwezi wa Julai uwadiapo, baridi kali hutanda jijini Nairobi na katika nyanda za juu kama vile Limuru, Nyeri na Nyandarua. Usiku uingiapo, jiko lililopikiwa chajio huachwa chumbani na makaa yake mekundu ili liwapashe joto wenye nyumba. Mlango hukomewa, dirisha hufungwa, na tambara husokomezwa katika upenyo ulio chini ya mlango ili upepo usipenye. Asubuhi majirani hubisha hodi wasiitikiwe.

Mikasa ya aina hii huripotiwa nchini takriban kila msimu wa baridi, nayo huwaacha wengi na maswali. Imekuwaje watu wafe kwa moto usiotoa hata moshi? Mbona hawakukohoa, hawakupiga mayowe wala kuukimbilia mlango?

Jibu huanzia kwenye makaa yenyewe na jinsi yanavyotengenezwa.

Wachomaji makaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huyawasha huku wakiacha matundu machache tu ya kupitishia hewa. Kwa kuwa hewa ni haba, magogo hayo hayateketei yakawa majivu. Badala yake, joto hufukuza maji, lami na mivuke mingine iliyomo ndani ya mti. Moshi mzito hufuka tanurini kwa siku kadhaa. Unapokwisha, kinachosalia ni kitu cheusi na chepesi ambacho sehemu yake kubwa ni kaboni.

Ndiyo maana makaa yaliyokolea hayatoi moshi jikoni. Moshi wake ulikwisha kutoka huko msituni.

Wahenga walinena kuwa pafukapo moshi pana moto. Moshi wa kuni si salama, kwani huharibu mapafu na hata kuni hutoa gesi ya sumu. Hata hivyo, moshi huo huwasha macho na kukereketa koo hadi mtu akalazimika kufungua dirisha au kutoka nje. Ni kama mlinzi anayepiga kelele adui akaribiapo. Tanuri la makaa humwondoa mlinzi huyo, lakini haliiondoi hatari.

Sumu hutoka wapi?

Kaboni inapoungua penye hewa ya kutosha, kila chembe yake hujiunga na chembe mbili za oksijeni na kufanya gesi iitwayo kaboni dayoksaidi. Oksijeni ikiwa haba, chembe ya kaboni hupata chembe moja tu ya oksijeni. Gesi inayotokea hapo ni kaboni monoksaidi, nayo ndiyo sumu yenyewe.

Sumu hii hutengenezwa ndani ya jiko hata kama mlango wa nyumba u wazi. Hewa huingia kwa kidirisha kilicho chini ya jiko na kukutana kwanza na makaa ya chini, ambako kaboni dayoksaidi hutokea. Gesi hiyo inapopanda na kupenya kwenye makaa mekundu ya juu, makaa hayo huipokonya sehemu ya oksijeni yake, ikageuka kuwa kaboni monoksaidi.

Aliyewahi kulitazama jiko gizani huenda ameziona ndimi ndogo za rangi ya samawati zikicheza juu ya makaa. Hiyo ni kaboni monoksaidi inayoungua kabla ya kutoroka. Makaa yanapofifia na kufunikwa na majivu, ndimi hizo huzimika, na gesi huponyoka bila kuungua. Kwa hivyo jiko linaloelekea kuzimika, ambalo wengi hudhani limekwisha makali, bado lina uwezo wa kuua.

Chumba kikiwa kimefungwa, mambo huzidi kuharibika. Moto na watu hugombea oksijeni ile ile, na kadiri inavyopungua ndivyo makaa yanavyozidi kutoa sumu.

Baadhi ya watu hujiuliza iwapo jiko lenye udongo wa mfinyanzi ndani lina nafuu. Jiko hilo lilienea nchini kuanzia miaka ya 1980, baada ya mafundi kuoanisha jiko la bati la humu nchini na wazo lililotoka Thailand. Udongo huo huzuia joto lisipotee ovyo, na hivyo makaa machache hupika chakula kingi. Lakini kinachoungua bado ni makaa. Jiko hilo huokoa pesa na miti, wala halikubuniwa ili lilazwe chumbani na watu.

Kwa nini mtu haamki?

Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu wala ladha. Mtu anapoivuta, huingia mapafuni na kupenya hadi damuni. Humo imo himoglobini, ambayo kazi yake ni kuichukua oksijeni mapafuni na kuifikisha kwenye viungo vyote. Kaboni monoksaidi huing'ang'ania himoglobini kwa nguvu zinazozidi mara 200 zile za oksijeni. Kwa sababu hiyo, kiasi kidogo tu cha gesi hiyo hewani hutosha kuijaza damu polepole na kuinyima oksijeni nafasi. Siri hiyo ilifichuliwa na mwanasayansi Mfaransa, Claude Bernard, katika miaka ya 1850.

Isitoshe, mwili wenyewe hughafilika. Mtu anapozibwa pumzi, kinachomfanya ahangaike hasa si upungufu wa oksijeni bali ni mrundiko wa kaboni dayoksaidi mwilini. Anayevuta sumu ya jiko huendelea kupumua kama kawaida na kuitoa kaboni dayoksaidi yake. Kwa hiyo king'ora cha mwili hakilii. Usingizi wake hugeuka kuwa kuzirai, na kuzirai kukawa kifo, bila yeye kujua.

Hata aliye macho si salama. Sumu hiyo huanza kwa kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Baadaye akili huvurugika na miguu hulegea, hivi kwamba mtu huuona mlango asiweze kuufikia. Dalili za mwanzo hufanana na za malaria au homa ya mafua, na ni rahisi mgonjwa kumeza dawa na kurudi kulala chumbani mle mle. Dalili ya kutiliwa shaka ni watu wa nyumba moja kuugua kwa wakati mmoja, kisha wakapata ahueni watokapo nje. Wajawazito wana hatari ya ziada, kwa kuwa gesi hiyo humfikia mtoto tumboni na kumdhuru.

Sumu hii iliwaua pia wachimbaji wa makaa ya mawe huko Uingereza. Katika miaka ya 1890, mwanasayansi John Scott Haldane aliwachunguza waliokufa baada ya milipuko ya migodini na kubaini kuwa wengi waliuawa na kaboni monoksaidi wala si na moto. Alishauri watu washuke na wanyama wadogo, kama vile panya na ndege aitwaye kanari. Ndege huyo hupumua kwa kasi kuliko mwanadamu na hulewa sumu mapema. Alipoanguka kutoka kwenye kijiti chake, wachimbaji walijua wakati wa kutoka umefika. Mwaka wa 1986 migodi ya Uingereza ilianza kuwaondoa kanari na kutumia vifaa vya kielektroniki.

Nyumba nyingi za kupanga hazina kanari wala vifaa hivyo. Kinga iliyopo ni maarifa.

Wapo wanaodhani kuwa karai la maji likiwekwa kando ya jiko litaifyonza gesi. Si kweli, kwa kuwa kaboni monoksaidi huyeyuka kwa shida mno majini. Wengine huamini kuwa alalaye kitandani yu salama kuliko alalaye sakafuni. Hilo pia si kweli. Uzito wa gesi hiyo unakaribiana na ule wa hewa, na huenea chumba kizima. Kuyafunika makaa kwa majivu hakusaidii pia, maana huendelea kuungua chini kwa chini.

Linalofaa ni kuliwashia jiko nje, kupika mlango na madirisha yakiwa wazi, na kulitoa nje kabla ya kulala, mahali ambapo watoto hawawezi kulifikia. Baridi ikizidi, blanketi la ziada au chupa ya maji moto iliyofunikwa vyema itafaa zaidi.

Anayekuta watu wamezirai chumbani afungue mlango na madirisha, awatoe nje upesi, naye asikawie humo. Kisha wapelekwe hospitalini hata kama wamezinduka. Mtu akipumua hewa ya kawaida, huchukua takriban saa nne au tano kwa nusu tu ya sumu hiyo kutoka damuni. Akipewa oksijeni tupu hospitalini, muda huo hupungua hadi saa moja au moja u nusu. Tofauti hiyo ya saa chache yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kupona na kufa, au kati ya kupona kabisa na kubaki na ubongo uliodhurika.