Kanuni za mchezo ni mali ya nani?

Mshairi atungaye tarbia hamlipi mtu ada kwa kutumia vina na mizani. Shairi ni lake. Kanuni ni za wote. Sheria ya Marekani nayo yaitambua tofauti hii. Katika kesi ya Baker na Selden, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba hakimiliki ya kitabu cha uhasibu hulinda maelezo ya mwandishi, wala haimpi umiliki wa mbinu yenyewe ya kuweka hesabu.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mgogoro wa mchezo wa Dungeons & Dragons, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1974. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akavaa nafsi ya mhusika wa kubuni, shujaa au mchawi. Mmoja wao husimulia kisa, na dadu huamua mambo. Mchezo huu hauchezeki pasipo kutunga. Je, shabiki akivichapisha visa alivyovibuni na kuviuza, ameiba?

Kanuni za kurusha dadu hakuziiba. Zinazolindwa ni sentensi za kitabu, picha na wahusika. Kwangu mimi, mtu wa lugha, linalovutia zaidi ni suala la majina. Matoleo ya awali ya mchezo huo yaliazima neno “hobbit” kutoka riwaya za Tolkien. Wenye haki walipolalamika, likageuzwa kuwa “halfling”. Kiumbe akabaki yule yule mfupi. Kumbe kampuni nayo ilianza kama shabiki!

Mwaka 2000 kampuni ya Wizards of the Coast, iliyokwisha kuununua mchezo, ilitoa leseni huria, na wachapishaji wadogo wakajijenga juu yake. Januari 2023 ikafichuka rasimu ya kuibatilisha, iliyodai pia mgawo kwa wenye mapato ya zaidi ya dola 750,000 kwa mwaka. Mashabiki wakafoka. Tarehe 27 mwezi huo kampuni ikasalimu amri, ikaziweka kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons isiyoweza kufutwa.

Wengi walishangilia kana kwamba wamepewa zawadi. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya zawadi hiyo haikuwa mali ya mtoaji. Walichopata hasa ni kuondolewa hofu ya kushtakiwa, maana hata mshtakiwa asiye na hatia humlipa wakili. Sasa mtunzi aweza kunakili hata sentensi zenyewe za kanuni hizo, mradi ataje zilikotoka.