Zombi mmoja tu kapita: kwa nini wachezaji wa They Are Billions hawaelewani

Hebu jiweke hapa. Una saa tano mbele ya kompyuta. Ulianza na jengo moja la makao makuu na askari wachache, sasa una mji. Mahema yamekuwa nyumba za mbao, nyumba za mbao zimeanza kuwa za mawe. Kaskazini una ukuta wa tabaka mbili na minara ya kutosha, mashariki hivyo hivyo. Kusini hukuweka kitu, maana kuna msitu, na msitu haupitiki. Ndivyo ulivyodhani. Kumbe kati ya miti na ziwa kuna uwazi wa kupita mtu mmoja.

Anapita zombi mmoja. Dakika chache baadaye huna koloni. Ukitafuta faili la mchezo wako urudi nyuma kidogo, halipo. Gemu imelifuta yenyewe.

Sasa swali: hiyo ni gemu nzuri au mbaya?

They Are Billions ilitengenezwa na Numantian Games, studio ndogo ya Hispania. Ilianza kuuzwa tarehe 12 Desemba 2017 ikiwa bado inajengwa, ikakamilika tarehe 18 Juni 2019 ilipoongezewa kampeni. Ni mchanganyiko wa aina mbili za gemu: ile ya kujenga koloni na kulisha watu wake, na ile ya kulinda ngome kwa minara huku maadui wakija kwa mawimbi. Wimbi la mwisho linatoka pande zote kwa mpigo, na kompyuta inaweza kuonyesha maelfu na maelfu ya mazombi wakikimbia pamoja. Unaweza kuusimamisha mchezo wakati wowote, ukatafakari, ukatoa amri, halafu ukaendelea. Ila huwezi kuhifadhi mchezo mahali unapopenda ili urudi ukikosea.

Ukisoma maoni ya waliocheza utadhani wanazungumzia gemu mbili tofauti. Wapo wanaosema haina haki: umecheza vizuri jioni nzima, kosa dogo moja linafuta kila kitu. Na wapo wanaosema hakuna gemu yenye haki kuizidi, kwamba kila aliyeshindwa alijishindisha mwenyewe, akubali tu. Wanajibizana kwa ukali, na mara nyingi wote wanaelezea tukio lile lile.

Mimi nadhani pande zote mbili zinasema kweli. Ila ili uone hivyo, lazima kwanza tupige hesabu.

Katika gemu hii mazombi hawabomoi nyumba tu. Wanaiambukiza. Nyumba ikishambuliwa mpaka mwisho, wakazi wake wote wanageuka mazombi, wanatoka nje na kuvamia nyumba ya jirani. Tuseme kila nyumba ina watu 4, na kila zombi anaingia kwenye nyumba yake peke yake. Zombi mmoja anaingia nyumba ya kwanza: wanatoka 5. Hao watano wanaingia nyumba 5: wanatoka 25. Raundi inayofuata 125, halafu 625. Jumlisha nyumba zilizoanguka: 1, na 5, na 25, na 125. Jumla 156. Yaani mji wa nyumba 156 umekwisha kwa raundi nne.

Lakini usikimbilie idadi ya mwisho. Angalia ulichokuwa unakiona njiani. Baada ya raundi mbili, nusu ya muda wote ulionao, zimeanguka nyumba 6 kati ya 156, hata asilimia 4 hazifiki. Unajiambia, ah, kale kamtaa ka kule pembeni, nitakashughulikia. Baada ya raundi ya tatu, zikiwa zimebaki sekunde chache tu za uhai wa mji, bado asilimia 80 ya nyumba zimesimama. Halafu raundi moja, kwisha.

(Kweli, kwenye gemu yenyewe mambo hayaendi kwa raundi safi namna hii. Mazombi wanarundikana kwenye nyumba moja, nyumba zimebanana, maambukizi yanatambaa kama moto wa nyika kuliko kulipuka kila upande. Lakini umbo la mchezo ni hilo hilo: pole, pole, pole, ghafla.)

Hapa ndipo akili zetu zinapokwama, na si za wachezaji peke yao. Mwaka 1975 Willem Wagenaar na Sabato Sagaria walichapisha utafiti kuhusu namna watu wanavyokadiria vitu vinavyokua kwa kuzidishwa. Watu waliojaribiwa walikadiria chini, tena chini sana. Ukimwonyesha mtu namba chache za mwanzo, jicho lake linachora mstari unaopanda taratibu, wakati namba zenyewe zinakwenda kupaa. Kwa hiyo mchezaji anaposema aliona tatizo dogo na ghafla likawa kubwa bila onyo, hadanganyi. Onyo lilikuwepo, lakini lilikuwa na sura ya kitu kidogo.

Sasa linganisha na gemu za kawaida za kulinda kwa minara. Kule adui akipenya unapoteza uhai mmoja kati ya, tuseme, 20. Wakipenya watatu, unapoteza tatu. Hasara inajumlishwa. Mtu aliyezoea gemu hizo akija huku anabeba hesabu ya kujumlisha kwenye dunia ya kuzidisha. Na aliyezoea gemu za koloni anakuja na matarajio mengine kabisa. Chukua RimWorld ya Tynan Sylvester: pale balaa likikupata, nusu ya watu wakafa, wanaobaki wanaendelea, na balaa lenyewe linakuwa sehemu ya simulizi utakayowahadithia rafiki zako. Tena RimWorld inakuuliza mwanzoni kabisa: unataka kuhifadhi mchezo utakavyo, au unataka faili moja tu lisilorudi nyuma? They Are Billions haikuulizi. Malalamiko mengi, ukiyavua hasira, yanaomba swali hilo tu. Na wapo wachezaji wanaojijibu wenyewe, wananakili faili la mchezo pembeni kabla ya wimbi kubwa. Wenzao wanaita hiyo wizi. Mimi siiti.

Upande wa pili nao una hoja nzito, na hoja yao ni ya kihesabu hata kama hawaiandiki hivyo. Wanasema mlipuko unazuilika, ila unazuiliwa kabla haujaanza. Tuone. Nyumba ya watu 4 inamgeuza zombi mmoja kuwa watano. Ili janga lififie, kila raundi lazima uue wengi kiasi kwamba anayebaki ni chini ya mmoja kati ya watano. Yaani askari waliomo ndani ya mji wawe na uwezo wa kuua zaidi ya asilimia 80 kabla hawajafika nyumba inayofuata. Sasa boresha nyumba ziwe kubwa, tuseme watu 16 kila moja. Zombi mmoja anazaa kundi la 17. Kiwango kinapanda mpaka zaidi ya asilimia 94. Watu wengi nyumba moja wanakuletea kodi nyingi na wafanyakazi wengi, uchumi unanoga, na papo hapo mji wako umekuwa petroli. Gemu haikuambii hili popote. Unalijua kwa kuungua.

Kama umesoma afya ya jamii, hesabu hiyo umeshaitambua. Ni ile ile ya chanjo. Mgonjwa mmoja wa surua, kwenye jamii isiyo na kinga, hukadiriwa kuambukiza watu 12 hadi 18, na ndiyo sababu wataalamu hutaka watu wenye kinga wawe karibu asilimia 95. Ugonjwa unaoambukiza wachache unaridhika na kiwango cha chini zaidi. Wala si mzaha kuweka mazombi kwenye hesabu hizi: mwaka 2009 watafiti wa Kanada, Philip Munz na wenzake, walichapisha modeli ya kihisabati ya mlipuko wa mazombi. Matokeo yao yalikuwa kwamba karantini na tiba peke yake havitoshi, kinachookoa ni kushambulia mapema, kwa nguvu, na kwa kurudia. Mchezaji mzoefu wa They Are Billions anakwambia hivyo hivyo bila modeli: weka askari wawili watatu katikati ya mji hata kama hakuna adui, gawanya mitaa kwa kuta, acha nafasi kati ya makundi ya nyumba.

Kwa hiyo kosa lilikuwepo. Wapi? Hapo ndipo ugomvi wote ulipo. Kosa lilifanyika dakika ya 40, ulipoutazama ule msitu ukasema umeziba. Adhabu imekuja saa ya tano. Anayesema gemu ina haki anahesabu kuanzia dakika ya 40. Anayesema haina haki anahesabu saa nne na ushee alizocheza bila dalili yoyote kwamba alishakosea.

Umbali huo kati ya kosa na matokeo una historia yake kwenye saikolojia, na historia yenyewe, amini usiamini, imewekwa Afrika Mashariki. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Dietrich Dörner na wenzake walitengeneza kwenye kompyuta nchi ya kubuni, wakaiita Tanaland, wakaiweka upande wetu huu. Ilikuwa na wakulima, wafugaji, mifugo, maji, wanyama waharibifu. Wakawapa watu 12 mamlaka ya kuiongoza kwa miaka kumi ya kubuni: chimba visima, leta mbolea, boresha tiba, fanya unachotaka ili watu waishi vizuri. Dörner alisimulia matokeo kwenye kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu mantiki ya kushindwa. Miaka ya mwanzo mambo yalipendeza. Chakula kiliongezeka, vifo vikapungua. Halafu idadi ya watu, iliyokuwa inakua kwa kuzidisha, ikakipita chakula kilichokuwa kinaongezeka kwa kujumlisha, na wengi wa watawala hao wakaishia kwenye njaa ambayo wao wenyewe waliipanda. Walikuwa wasomi wenye nia njema. (Kwamba Mjerumani akitaka nchi ya kuharibikiwa anachora Afrika Mashariki, hilo tuliache kwa leo.)

Ninachotaka ukione ni kwamba hata wao, walipokuwa wanakosea, mambo yalikuwa yanaonekana mazuri.

Limebaki jambo moja: kwa nini maoni yanaandikwa kwa ukali vile. Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake waliwaambia watu watumbukize mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine wakafanya hivyo hivyo, kisha wakaongezewa sekunde 30 huku maji yakipashwa taratibu hadi nyuzi 15, bado baridi, ila nafuu kidogo. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, wengi walichagua lile refu. Maumivu zaidi kwa jumla, lakini mwisho wake una afadhali. Kumbukumbu haikuwa inajumlisha dakika. Ilishika zaidi kilele na mwisho.

Pima gemu hii kwa kipimo hicho. Kwenye ramani ya kawaida ya kusalimika, kilele na mwisho ni kitu kimoja: lile wimbi la pande zote. Ukilishinda, saa tano zote zinageuka dhahabu kwenye kumbukumbu, hata yale masaa ya kuchoka kungoja mbao. Ukishindwa, zinageuka majivu, hata yale masaa uliyokuwa unatabasamu peke yako. Kisha ndiyo unafungua ukurasa wa maoni. Steam inakupa vitufe viwili tu, dole juu au dole chini. Hakuna kitufe cha kusema nilifurahi saa nne na dakika hamsini.

Utakutana pia na dole chini kutoka kwa mtu aliyecheza masaa 300, na watu wanamcheka. Msimcheke upesi. Kampeni ilikuja mwaka mmoja na nusu baada ya gemu kuanza kuuzwa, na ina misheni za shujaa mmoja anayetembea polepole kwenye majengo ya zamani akiokota vitu, jambo ambalo wengi walioipenda ramani ya kusalimika waliliona la kuchosha. Mtu anaweza kuwa na masaa 300 ya furaha na masaa 20 ya mwisho ya kukerwa. Na upande wa pili, Steam inarudisha fedha kama umecheza chini ya masaa mawili ndani ya siku 14 tangu ununue. Mwenye maoni ya saa moja na nusu huenda hajawahi hata kuliona wimbi kubwa. Anachosimulia ni mahema na njaa.

Kwa hiyo ukitaka kuinunua, ipite ile asilimia ya jumla, nenda kwenye maoni yenyewe na utazame masaa ya kila aliyeandika. Tafuta waliopoteza koloni yao ya kwanza, kisha uone wanamlaumu nani. Kama unajiona kwa yule anayesema alirudi kwenye ramani kutafuta uwazi ulipokuwa, hii ni gemu yako. Kama unajiona kwa yule aliyezima kompyuta akaenda kulala na hasira, basi subiri punguzo la bei, na kabla ya wimbi la mwisho nakili faili lako pembeni. Sitamwambia mtu.