Sindano ya Katikati

Taa ya chaja inawaka. Skrini ya kipakatalishi inawaka. Pembeni mwake alama ya plagi imejitokeza kuthibitisha kwamba stima inaingia. Ila asilimia ya betri imegoma pale pale: ilikuwa 34 mwenyewe akilala, ni 34 akiamka, na akichomoa waya tu inaanza kuporomoka.

Huku Kabazi, wadi ya eneobunge la Subukia katika Kaunti ya Nakuru, hukumu ya hali hiyo hutolewa upesi: betri imekufa, inunuliwe nyingine. Fundi mmoja wa simu na kompyuta hapa hana haraka hiyo. Kwake betri ni mshukiwa wa mwisho. Wa kwanza ni chaja, na maswali yake yote huanzia hapo. Ilikuja na mashine au ilinunuliwa baadaye? Imewahi kukanyagwa? Waya wake huzungushwa vipi ikitiwa mkobani?

Anayejibu ni mwalimu, kwa uvumilivu wa mtu aliyekuja kuuliza bei ya betri, si kuhojiwa. Kipakatalishi chake ni Dell Latitude, moja ya zile kompyuta za ofisi zilizotumika ng'ambo kabla ya kuuzwa Kenya kwa jina la ex-UK. Ana alama za wanafunzi za kupakia kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, KNEC, na mashine isiyokaa na chaji haimfai mahali ambapo stima inaweza kupotea kazi ikiwa katikati.

Fundi haifungui mashine. Anakishika kichwa cha chaja, anakielekeza kwenye mwanga na kumwita mwalimu achungulie ndani. Katikati ya kile kitundu cha mviringo imesimama sindano nyembamba, na imepinda.

Hapo ndipo penye kisa chote, anaeleza. Umeme wa kuendesha mashine, volti 19.5, hupita kwenye kuta za kichwa, ya nje na ya ndani. Sindano haibebi umeme huo. Inabeba habari. Ndani ya chaja halisi ya Dell mna chipu ndogo iliyoandikwa uwezo wa chaja, kwa mfano wati 65, 90 au 130, na sindano ndiyo njia pekee ya kuifikishia kompyuta ujumbe huo. Ujumbe usipofika, chaja inakuwa kama mgeni aliyefika langoni bila kitambulisho: ataruhusiwa kukaa kwenye benchi, lakini ndani haingii. Mashine itakubali umeme wa kuiwezesha kufanya kazi, itapunguza kasi ya prosesa kwa tahadhari, na kuichaji betri itakataa.

Tena haikatai kimyakimya. Ikiwashwa huandika kwenye skrini kwamba aina ya chaja haijatambulika. Mwalimu anakiri kuuona ujumbe huo mara nyingi. Kila mara alibonyeza kitufe cha kuendelea.

Dawa ya fundi ni mrija wa kalamu uliokwisha wino, ukiwa umetolewa ncha. Anaivisha sindano mrija huo na kuinyoosha polepole, kwa sababu ikikatika hakuna cha kuokoa ila kubadilisha kichwa kizima. Na hata sindano iliyonyooka huenda isitoshe: mara nyingi unaokatika ni uzi wake mwembamba, shingoni mwa waya, pale watu wanapoukunja. Hapo hukata na kuunga upya, nyaya tatu, si mbili. Hiyo ya tatu ndiyo inayozitia aibu nyingi za zile chaja za kila mashine zinazouzwa na vichwa vya kubadilisha. Zina volti, hazina chipu.

Kwa nini kampuni iweke mlinzi huyo? Jibu la kiusalama lipo, na fundi halibezi: chaja ya wati 45 ikilazimishwa kutoa 90 hupata joto la hatari. Lakini chaja nzuri ya kampuni nyingine, yenye nguvu za kutosha, nayo hurudishwa mlangoni. Huo ni ulinzi wa mteja au wa soko? Umoja wa Ulaya umeamua kwamba kuanzia Aprili 28, 2026 vipakatalishi vipya vinavyouzwa huko vichajike kwa USB-C. Mitumba ya namna hiyo ikishajaa Kenya, sindano itasahaulika, ingawa USB-C nayo ina mazungumzo yake ya kielektroniki, na chaja ndogo ya simu huenda isisikilizwe.

Si kila mgomo ni wa chaja. Betri inayokwama kwenye 80 au 60 pengine inatii mpangilio wa kuirefushia maisha, uliowekwa na ofisi ya Ulaya iliyoitumia kwanza na usioondolewa na yeyote. Wakati mwingine inatosha kuchomoa kila kitu, kutoa betri kama inatoka, na kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika. Na kuna betri zilizozeeka kweli: amri ya powercfg /batteryreport kwenye Windows huonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uliobaki leo. Iliyovimba haijadiliwi. Haichajiwi, haitobolewi, inaondolewa.

Sindano imenyooka, na asilimia kwenye Dell ya mwalimu imesogea hadi 35. Sasa fundi ndiye mwenye tatizo. Angeuza betri, bei isingekuwa na ubishi. Je, kunyoosha sindano kwa mrija wa kalamu, mbele ya macho ya mteja, ni kazi ya pesa ngapi? Mwalimu naye anasita. Wanaelewana kwa kiasi kidogo mno ukilinganisha na hasara iliyoepukwa.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda matatu kwenda Nakuru kutafuta betri, chungulia kichwa cha chaja yako. Kisha azima chaja halisi ya mashine kama yako, yenye wati zilezile, uiache imechomekwa nusu saa. Asilimia zikipanda, betri yako haina kosa.