Morogoro Jazz Ilipokwenda Osaka

Vijana wa hapa Katesh, ambao siku hizi husikiliza muziki wa dunia nzima kwa simu, waliniuliza habari za bendi ya Kijapani iitwayo Kemuri, yenye kuchanganya ska, muziki wa tarumbeta uliozaliwa Jamaika, na magitaa ya ghasia yaitwayo panki. Niliwajibu kwamba bendi hiyo iliasisiwa 1995, ikavunjika 2007, ikafufuka 2012. Kisha nami nikawauliza kama wana habari kuwa robo karne kabla ya Kemuri kuzaliwa, bendi yetu wenyewe ilikwisha kupiga Japani. Hawakuwa nayo.

Bendi hiyo ni Morogoro Jazz, iliyoasisiwa 1944, mwaka ule ule aliozaliwa Mbaraka Mwinshehe, ambaye baadaye gitaa lake na sauti yake ndivyo vilivyoipa jina. Morogoro ulikuwa mji wenye bahati ya muziki, maana hapo hapo palikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na ushindani wa bendi mbili hizo uliwanoa wapigaji wa pande zote, hata Salum alipofariki 1965 kwa ajali ya gari.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ikasafiri kwenda kuiwakilisha Tanzania katika Maonyesho ya Dunia ya Osaka, ambayo tangu Machi hadi Septemba yalizuriwa na watu wapatao milioni 64, ilhali taifa letu zima wakati huo halikufika watu milioni 15.

Sisi tuliokuwa chini ya Mlima Hanang tuliijua bendi hiyo kwa masikio tu. Marehemu baba mdogo alikuwa na redio ya National, na betri zake zilipochoka, aghalabu siku ya tatu baada ya mnada, aliziamuru zianikwe juu ya paa la tembe kando ya mahindi, zipate jua. Ikifika magharibi alizirudisha, nazo zikajikaza kwa nyimbo mbili tatu kutoka Radio Tanzania kabla ya sauti kuzama kama mtu anayesinzia. Bibi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na lugha yake ni Kiiraqw, hakuruhusu mtu kusema neno hata gitaa linyamaze. Wala hapana aliyetambua, mimi nikiwa mmoja wao, kwamba National ilikuwa chapa ya Matsushita, kampuni ya huko huko Osaka.

Mwaka 1973 Mbaraka aliihama Morogoro Jazz akaunda Super Volcano, na wimbo wake "Shida" ukampa sifa kubwa hata Kenya, walakini mimi, kwa insafu yangu yote, bado nazipenda zaidi nyimbo za Morogoro, ambamo gitaa halina haraka ya kujionyesha. Januari 1979 alifariki Mombasa kwa ajali ya gari, naye hajatimiza miaka 35.

Basi wewe uliye Mbulu, Dongobesh au Basotu, ukiikuta santuri ya Morogoro Jazz ndani ya sanduku la wazee, hata kama hakuna gramafoni ya kuipigia, tafadhali usiwape watoto waichezee.