Je, Wajua? Printa Moja, Nyumba Nzima

Je, wajua kuwa mtandao wa Ethernet ulizaliwa kwa sehemu kubwa kwa sababu ya printa? Mei 22, 1973, Bob Metcalfe wa kituo cha utafiti cha Xerox PARC huko California aliandika waraka ulioeleza jinsi ya kuziunganisha kompyuta za Alto. Kituoni hapo Gary Starkweather alikuwa ameshabuni printa ya leza, na kila mtu aliitaka. Kwa hiyo ukimsikia mtu akilalamika kwamba printa ni mgeni msumbufu kwenye mtandao wake, mwambie huyo mgeni ndiye mwenye nyumba.

Je, wajua kuwa mwaka 1985 kulikuwa na printa yenye akili kuliko kompyuta iliyoitumikisha? Apple LaserWriter iliuzwa dola 6,995 ikiwa na prosesa ya megahezi 12 na memori ya megabaiti 1.5. Macintosh ya wakati huo haikufika hata megahezi 8. Kwa bei hiyo, ofisi haikuwa na namna ila kununua moja na kuigawana.

Seva ya printa si lazima iwe mtambo wa kuvuma chumbani. Kazi yake ni kupokea nyaraka, kuzipanga foleni na kuzipeleka kwenye printa moja moja. Laptopu kuukuu yenye kioo kilichopasuka inatosha. Kibao cha Raspberry Pi kinachoenea kiganjani kinatosha pia, na baadhi ya ruta zina tundu la USB kwa kazi hiyohiyo.

Programu inayoendesha seva nyingi za aina hii, CUPS, iliandikwa na Michael Sweet na kutoka mwaka 1999. Apple waliiingiza kwenye kompyuta zao mwaka 2002, na mwaka 2007 wakainunua kabisa. Ukishaiweka kwenye Linux, fungua kivinjari uandike localhost:631, na ukurasa wa kuongeza printa utakuja wenyewe. Ukikataliwa kuingia, usihangaike na nywila: mara nyingi jina lako halijaongezwa kwenye kundi la lpadmin.

Na hapa ndipo penye utamu. Printa yako ya zamani isiyojua waifai, ya kebo ya USB tu, ikishaunganishwa na CUPS na programu iitwayo Avahi ikawa inafanya kazi, itaonekana kwenye iPhone kana kwamba ilinunuliwa jana. AirPrint, njia ya iPhone ya kuchapa bila waya, ilikuja Novemba 2010. Printa iliyotengenezwa kabla ya hapo kwa kawaida haina habari nayo. Seva ndiyo inayoisemea.

Je, wajua kwa nini printa iliyochapa vizuri jana leo inaandikwa “offline” na kumbe taa zake zote zinawaka? Umeme ulikatika usiku. Uliporudi, ruta iligawa anwani upya. Printa iliyokuwa 192.168.1.5 sasa ni 192.168.1.12, na kompyuta bado inabisha hodi kwenye mlango wa zamani. Watu hufuta printa na kuiweka upya kila mara, kazi ya bure kabisa. Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya DHCP, kisha itengee seva, au printa yenyewe kama ina waifai, anwani moja ya kudumu kwa kutumia namba yake ya MAC. Kwa maoni yangu, hatua hii ingepaswa kuandikwa kwenye boksi la printa kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni.

Mgeni aliyepewa waifai ya wageni haioni printa? Ndivyo inavyotakiwa. Printa hujitangaza kwa ujumbe unaopita poti 5353, na ujumbe huo hauvuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine.

Je, wajua kuwa waraka ulioganda kwenye foleni ya Windows ni faili tu, na unaweza kulifuta kwa mkono? Simamisha huduma iitwayo Print Spooler, nenda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, utakuta mafaili mawili mawili: la SPL lina kurasa zenyewe, la SHD lina maelezo ya nani katuma na kwa printa ipi. Yafute, washa huduma tena. Kuzima na kuwasha printa peke yake hakusaidii, maana waraka mbovu bado umekaa kwenye kompyuta unasubiri.

Huduma hiyohiyo ndiyo iliyowatoa jasho Microsoft Julai 2021, pale udhaifu uliopewa jina PrintNightmare ulipowalazimu kutoa viraka vya dharura, hata kwa Windows 7 iliyokuwa imeshastaafishwa.

Poti 9100, mlango ambao printa nyingi za mtandao hupokelea kazi, haiulizi jina wala nywila. Kinachoingia kinachapwa. Mwishoni mwa 2018 mtu aliyejiita Hacker Giraffe alizitafuta printa zilizoachwa wazi kwenye intaneti na kuzichapisha karatasi za kumpigia debe PewDiePie wa YouTube. Mwenyewe alidai zilifika elfu 50. Kwa hiyo fundi akikushauri uifungue poti hiyo kwenye ruta ili uchape ukiwa safarini, mkatalie.

Je, wajua kuwa kuchapa kupitia seva ya nyumbani hakuli bando? Waraka hutoka kwenye simu, ukapita kwenye ruta, ukaingia kwenye seva. Nje hautoki, na hata laini ya intaneti ikikatwa karatasi itatoka. Haikuwa hivyo kwa waliotegemea Google Cloud Print, ambayo ilipeleka waraka hadi kwenye seva za Google kabla ya kuurudisha chumba cha pili. Huduma hiyo ilifungwa Desemba 31, 2020.